Komeo la Nje

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za huku, sisi ni wazima kiasi cha kuweza kulalamika. Mama anakusalimu. Mkono wake ule uliovunjika unamuuma asubuhi kukiwa na baridi, lakini hakubali mtu amchotee maji. Anasema akianza kusaidiwa atazeeka. Upepo umeng'oa bati moja la jikoni, nimeligandamiza kwa mawe. Wifi yangu hajambo? Na wanangu wale wawili, bado wanagombania kitanda cha juu? Waambie shangazi yao anawauliza.

Sasa habari yenyewe. Zahanati yetu imepata huduma ya afya ya akili. Usicheke. Kila mwezi anakuja muuguzi kwa pikipiki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, lakini akikuuliza swali hulikwepi. Wamechagua wahudumu wa kumsaidia hapa kijijini, na mmoja ni mimi. Napita nyumba kwa nyumba, nakaa na watu, najua nani halali, nani hali, nani amejifungia na nani amefungiwa. Alhamisi tunakutana na wanaouguza, kwenye ghala la zamani la ushirika, tunakalia magunia, kila mtu anatoa la moyoni. Kinyozi wa sokoni, yule mwenye maneno mengi kuliko nywele anazokata, alisema mkewe hajazungumza naye tangu wamzike mtoto. Kumbe maneno yote yale anayotumwagia kibandani ni ya kukosa wa kuongea naye nyumbani.

Watu wananisifu. Wananiita Daktari, kwa utani, lakini wananiita.

Alhamisi iliyopita nilisimama mbele yao nikasema kama nilivyofundishwa: mgonjwa wa akili hafungiwi, anatibiwa. Nilisema kwa sauti, mpaka mama mmoja akaniitikia kama yuko ibadani. Kisha nikarudi nyumbani, nikachukua sahani ya Kaka, nikaipitisha dirishani.

Muuguzi amesema atatembelea nyumba zetu sisi wahudumu pia. Nimemwambia Mama tumfungue Kaka kabla hajaja. Amejibu kwamba wewe uliyeuweka ule mlango ndiye utakayesema uondolewe. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la nguo yake, analala nao.

Ndiyo maana nakuandikia. Simu siwezi. Nikiishika tu Mama yuko pembeni yangu, na ukuta wa chumba cha uani hauzuii neno. Dereva wa lori la mbao amekubali kuwa tarishi wetu. Andika neno moja tu, nimsomee Mama.

Dada yako


Mjini, 21 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Sisi wazima. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele, anajiona mzee wa mtaa. Mdogo ameanza shule na kila siku analia mpaka getini, akiingia anasahau. Wifi yako anakusalimu, anasema amejivunia sana kusikia habari za kazi yako. Amewaambia hata majirani.

Karakana inakwenda. Tumepata kazi ya madirisha ya ghorofa nzima, macho yangu yamekuwa mekundu kwa moto wa kuchomelea, wifi yako anasema nafanana na mlevi bila kufaidi pombe.

Hongera kwa huduma hiyo. Watu wa huko wana mizigo mizito, wanahitaji mtu mwenye subira kama wewe.

Mengine tutaongea nikija.

Nimempa dereva mfuko: sukari, sweta la Mama, na sabuni. Mama alinipigia akasema kufuli imeshika kutu inakwama. Nimeweka mpya, iko chini ya sukari.

Mdogo wako


Nyumbani, 3 Aprili

Mdogo wangu,

Mama amelivaa sweta tangu siku lilipofika, anakushukuru. Sukari imefika. Kufuli nayo imefika.

Nilikuomba neno ukaniletea kufuli.

Mama aliitoa chini ya sukari, akaipangusa kwa kiganja, akaniambia, "Unaona? Ameshasema." Aliifunga siku ile ile. Nilimshikia taa ili aone tundu, maana chumba kile kina giza hata mchana. Mimi, Daktari wa watu, nilimshikia taa. Kaka aliuliza kutoka ndani, "Nani huyo?" Mama akamwambia ni sisi, tunatengeneza. Akasema, "Haya, poleni na kazi."

Kuna mama mmoja kikundini anauza vitunguu sokoni. Binti yake alianza kusikia sauti baada ya kujifungua, akawa anakimbilia mtoni, basi mama akamfunga kwa kamba mguuni, kwenye nguzo ya kitanda. Nimekwenda kwake mara nyingi. Nilimpeleka kwa muuguzi, binti akaanza dawa, na wiki iliyopita mama alifungua ile kamba mbele yangu. Akaniuliza, "Na wewe, umewahi kukaa na mtu wa namna hii nyumbani? Maana unaongea kama unayejua."

Nikamwambia hapana.

Watu bado wanaamini Kaka yuko machimboni. Yule mwenye duka amesikia hata kwamba amepata mke huko. Nilicheka nao.

Sikuulizi tena kuhusu Mama. Nakuuliza wewe. Barua yako yote ile, umewataja wanao, umetaja madirisha, umetaja mpaka sabuni. Kaka hukumtaja. Kwa nini?

Dada yako


Mjini, 30 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuichana. Watoto wazima, wifi yako mzima.

Umeniandikia kwa hasira na sikulaumu, lakini tukumbushane. Wewe ndiye uliyenipigia ukilia kwamba Kaka amemsukuma Mama kwenye ngazi, mkono umevunjika. Wewe ndiye uliyesema amekutwa katikati ya barabara kuu akiyaamuru malori yasimame, kwa sababu redio zote alizowahi kutengeneza zilimtuma. Zile dawa za hospitali ya mbali zilimkaza shingo, kisha zikaisha, na hakuna aliyejua tuzipate wapi tena. Mama aliniambia, "Njoo umweke mahali salama." Nilikuja na nondo na mashine. Nilifanya nilichojua. Mimi sijui kitu kingine, Dada. Mtu akiniletea hofu yake, namtengenezea mlango.

Unauliza kwa nini simtaji. Wifi yako hajui. Niliporudi kutoka kuuweka ule mlango nilimwambia kaka yangu yuko machimboni, kama mlivyokuwa mkisema huko, na sasa watoto wanamngoja baba yao mkubwa aje na zawadi. Nikimtaja kwenye karatasi, karatasi itaonekana.

Kuna jambo limenipata. Mwezi uliopita alikuja mwanamume karakana, amevaa vizuri, mpole. Akataka mlango wa chuma, dirisha dogo juu, komeo la nje tu. Nikamuuliza, ndani nisiweke hata kishikio? Akasema, "Ndani hakuna haja." Hakuniangalia aliposema. Nikajua. Kijana wangu wa kazi hakujua, aliendelea kupima. Mimi nilijua ni mtu anayekwenda kuwekwa humo.

Nilitaka kumwambia. Ningemwambia nini, na mimi ni nani wa kusema? Nikautengeneza. Ni kazi nzuri, Dada, hauna hata mlio. Nilikwenda mwenyewe kuuweka kwake. Kwenye chumba cha nyuma mwanamke alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, akanisalimia, akaniuliza kama nimekunywa maji.

Tangu hapo chakula hakinipiti.

Sijui nikuambie nini kuhusu Mama. Fanya unavyoona.

Mdogo wako


Nyumbani, 16 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wifi na watoto. Barua yako ilifika mambo yakiwa yameshatokea, kwa hiyo "fanya unavyoona" yako imenikuta nimeshafanya. Nakueleza yote, ukae chini usome.

Yule mama wa vitunguu aliamua kuja kunishukuru nyumbani bila kuniarifu. Alipita njia ya uani, na kikapu kichwani. Mimi nilikuwa nafua. Kabla sijainuka Kaka akaanza kugonga, akisema, kwa ile sauti yake ya upole, "Jamani, kuna mgeni, mbona hamumkaribishi?" Mama wa vitunguu aliutazama mlango, akaitazama kufuli, mpya inang'aa. Akanitazama mimi. Nilimwambia, "Huyo ni kaka yangu." Akatua kikapu taratibu, akaweka vitunguu juu ya jiwe la kufulia, kimoja kimoja, kikapu kikaisha. Akaondoka.

Nilingoja anitangaze. Nilipita sokoni nikitazama nyuso. Hakuna aliyejua. Alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko kama angenitukana. Alhamisi alikuja kikundini, akakaa nyuma.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya dawa na usingizi. Badala yake nikawaambia. Nikasema Kaka hayuko machimboni, yuko chumba cha uani, na mwaka huu ni wa tatu. Nikasema siku niliyowaambia mgonjwa hafungiwi, nilirudi nikampitishia chakula dirishani. Kinyozi akashika kichwa. Wengine wakatazama chini, na nikaona kwamba baadhi yao walijua siku zote, walikuwa wananistahi.

Mama wa vitunguu ndiye aliyesema. "Mimi nilimfungua mwanangu kwa neno lako. Tangu hapo silali. Kila akijigeuza naamka, naogopa mto. Nilikuwa najipa moyo, nasema yule naye amepitia. Kumbe wewe ulikuwa unalala." Akajifunga nguo yake kiunoni akatoka. Hajarudi tena kikundini. Binti anakuja kuchukua dawa na shangazi yake. Nikienda kwao, mama anatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilidhani muuguzi atanifukuza kazi. Alinisikiliza, akasema, "Twende kwenu." Nilitembea mbele yake kama mwizi anayepelekwa kuonyesha alikoficha.

Mama alisimama mlangoni pa uani, mikono imefumbata lile pindo. Akaanza: mwanangu halali njaa, mwanangu haogeshwi na mtu baki, mwanangu hajapigwa hata kofi. Muuguzi hakubishana naye. Alivuta kigoda akakaa, akauliza, "Na wewe Mama, unalala wapi?"

Mama akaugeukia ukuta. Halafu akaonyesha kwa kidevu. Mkeka ulikuwa pale, umekunjwa, umeegemezwa ukutani. Mdogo wangu, analala nje ya ule mlango. Mimi nafagia uani kila siku, mkeka ule nauona kila siku, na sikuwahi kujiuliza ni wa nini. Nilimwachia Mama chumba cha uani, nikaenda kuwasikiliza watu wa mbali.

Muuguzi akauliza tena, "Tangu lini?" Mama akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika Baba. Alifungua pindo kwa meno kwa sababu vidole vilikataa. Neno lako hatukulingoja.

Nadhani ulitegemea, kama mimi, kwamba Kaka atatoka mbio. Alikaa kitandani. Ndevu zimefika kifuani, miguu imekuwa myembamba. Alitazama mwanga, akauliza, "Nimeruhusiwa na nani?" Nikamwambia na sisi. Akafikiri. Akasema, "Basi uacheni wazi kidogo, nizoee." Alibaki humo ndani siku ile, na zilizofuata. Mlango wazi, na yeye ndani.

Muuguzi alimchoma sindano, ile inayokaa mwilini mwezi mzima. Kaka alimuuliza kama itauma. Akamwambia, ndiyo, kidogo. Kaka akasema, "Afadhali wewe umesema."

Dada yako


Mjini, 9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako karakana, nyuma ya mitungi ya gesi, ili mtu asinione.

Nimemwambia wifi yako. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Kumbe ningeugua mimi, ungenifungia?" Mpaka leo sijampa jibu na yeye hajauliza tena. Anapika, anacheka na watoto, lakini mimi naona kama kuna kiti kitupu kati yetu ambacho hakikuwepo.

Nilikwenda kwa yule mwanamume wa mlango. Nilijitia kwamba nimekuja kukagua bawaba. Alinipokea vizuri. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikamwambia, "Mzee, mimi nina kaka yangu." Nikamweleza. Nikamwambia siku hizi kuna wauguzi wanaokwenda mpaka majumbani, kuna sindano, kuna watu wa kukaa nao mkaongea. Nilisema vibaya, nikarukaruka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Fundi, kama mlango una kasoro, niambie. Kama hauna, nashukuru." Akanisindikiza mpaka nje.

Juzi alipita mbele ya karakana. Alipunguza mwendo, akatazama ndani. Nikainua mkono. Hakusimama.

Nitakuja mwisho wa mwezi. Nitabeba grinda ya kukatia chuma, niuondoe ule mlango. Mwambie Mama. Kaka usimwambie, nisije nikashindwa njiani akabaki ananingoja.

Mdogo wako


Mjini, 2 Septemba

Dada,

Shikamoo. Najua umenikasirikia. Mlipoamka mlikuta nimeondoka, bila kuaga, kama mpangaji aliyekimbia kodi. Acha nikueleze, halafu unihukumu.

Wewe ulikuwa kikundini mchana ule nilipokuwa nakata ule mlango, kwa hiyo hukuona. Nilimkuta Kaka amekaa kwenye kigoda uani, amenyolewa, ile sura yake ya zamani iko pale lakini kama imeoshwa mara nyingi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Anitukane, anipige, asinitambue. Alisimama akasema, "Karibu, karibu ndani." Akaniletea kiti, akakipangusa kwa shati lake. Akaniuliza habari za safari. Nilimwamkia, akaitikia. Lakini jina langu hakulitaja, wala "mdogo wangu". Aliniita Fundi.

Nikawasha grinda. Nilidhani kelele zitamtisha, nikamwambia asogee mbali. Hakusogea. Nilipofika bawaba ya mwisho mlango ukaanza kuinama kunijia, na ni mzito, unaujua, niliutengeneza usiwezwe na mtu. Akaja akaushika upande wa pili. Akasema, "Kata tu, nimeushika." Mikono yake ile myembamba, Dada. Tukaulaza chini pamoja. Akapangusa viganja akasema, "Umefanya kazi nzuri, Fundi. Wengine huwa wanaacha ncha."

Jioni tulipokula aliniuliza kama kazi ipo. Nikasema ipo. Akauliza, "Milango bado unatengeneza?" Uliona mwenyewe, hakuna kejeli aliyotia. Alitaka kujua tu, kama mtu anavyouliza habari za mgeni. Nikasema ndiyo. Akasema, "Watu wanahitaji milango." Akaendelea kula.

Angenipiga ningekaa wiki nzima.

Nimemwachia Kaka redio mbovu kwenye mfuko mweusi, na bisibisi zake za zamani nilizokuwa nazo mimi. Kama muuguzi anaona haifai, zifiche. Niambie tu anaendeleaje. Mimi sidhani kama natakiwa huko.

Mdogo wako


Nyumbani, 11 Septemba

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Sasa analala kitandani, anakoroma mpaka nimehamishia godoro langu sebuleni. Mkeka ameugawa. Salamu kwa wifi, umwambie asichoke nawe upesi. Mama wa vitunguu jana aliniuzia vitunguu. Hakuniangalia, lakini aliniuzia.

Redio ameshaifungua. Haijalia, na vipande viwili vimebaki ambavyo hajui vinakaa wapi. Muuguzi anasema tumwache achezee. Kuna siku anakaa kimya, anasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii. Siku hizo tunakaa naye tu.

Umesema nikuhukumu. Sina nafasi hiyo, mimi nilishika taa. Ila nakuambia kitu ambacho hukukiona kwa kuwa ulikuwa umeshaondoka.

Asubuhi ile Kaka aliamka mapema. Alioga mwenyewe, akavaa shati lile jeupe la Baba, akaja kugonga chumba ulicholala. Nilimwambia umeondoka. Akauliza, "Gari limepita?" Nikasema sijui. Akatoka. Tangu tumfungue alikuwa hajavuka uzio. Nilimfuata kwa mbali, nilishika viatu mkononi ili asinisikie. Alitembea mpaka barabarani, ile barabara kuu, nikajiandaa kukimbia. Malori yakapita. Hakuyaamuru. Alisimama pembeni, kwenye majani, ametulia, anatazama upande linakoelekea gari la mjini. Alikaa pale mpaka jua likapanda.

Aliporudi alinikuta njiani, akajifanya hajui kwamba nilimfuata. Akaniambia, "Ukimwandikia mdogo wetu, mwambie nilimsindikiza."

Dada yako